Galaksi Niliyopewa Kuiona

Nimekulia Webuye, mji wa kiwanda cha karatasi na maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba elimu ya nyota ni ya nchi tajiri. Hata nilipokuwa nikisomea fizikia chuoni, niliona haya kumwambia mtu kwamba naitamani.

Mwalimu wangu mmoja aliitambua hamu hiyo bila kuambiwa. Alinisimulia habari za Uhuru, setilaiti iliyorushwa kutoka baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Miongoni mwa vyanzo vya eksirei ilivyoorodhesha imo 3C 273, kwasari ambayo mwanaastronomia Maarten Schmidt aligundua mwaka 1963 kuwa iko mbali mno. Kumbe anga lilikuwa limeshachunguzwa kutoka pwani yetu, nami sina habari.

Kisha akanipa kazi ya kutafuta galaksi inayoizunguka kwasari. Kwasari ni kiini cha galaksi ambamo gesi inayomezwa na shimo jeusi hung'aa hadi kuzifunika nyota zote za galaksi yake. Ni kama kutafuta kimulimuli kando ya taa za lori liendalo Malaba. Tena hewa hutikisika na kuutawanya mwanga. Ndiyo maana darubini ya Gemini Kaskazini, juu ya Mauna Kea kule Hawaii, ina kioo chembamba kinachojikunja mamia ya mara kila sekunde ili kusahihisha mtikisiko huo. Kwa njia hiyo Olivier Guyon na wenzake walichunguza kwasari 32, wakachapisha matokeo mwaka 2006.

Picha za Gemini hufunguliwa kwa watu wote muda wa wachunguzi wa kwanza ukiisha. Sikuomba, sikulipa, zilinifikia Webuye kwa bando la simu.

Kazi ilinielemea. Ukiondoa mwanga wa kwasari kupita kiasi, unaifuta galaksi. Ukiondoa kidogo, mabaki yake hujifanya galaksi. Ili kujua kiasi cha kuondoa, unatumia picha ya nyota ya kawaida, ambayo hukuonyesha nukta moja inavyotawanyika, lakini hewa nayo haitulii. Nilikata tamaa mara nyingi, na kila mara mwalimu aliketi nami tukaanza upya.

Galaksi ilipobaki kwenye kioo cha kompyuta, imevutwa upande mmoja na galaksi jirani, nilimshukuru Mungu, kisha nikampigia mwalimu.

Ndugu yangu, kama unadhani elimu hii si yako kwa sababu ya ulikozaliwa, hata mimi nilidhani hivyo. Picha hizo ziko wazi kwako pia. Mwendee mwalimu aliye karibu, umwambie unachokitamani.