Ijumaa Baada ya Majivu, Njia ya Bagamoyo

Ijumaa inayofuata Jumatano ya Majivu, Kanisa Katoliki husoma katika Misa sura ya 58 ya Isaya. Humo watu wananung'unika kwamba wamefunga na Mungu hajawatazama. Nabii hawabembelezi. Anawaambia kwamba siku ileile wanayofunga wanawakamua vibarua wao bila huruma, na kwamba mfungo unaompendeza Mungu ni kuwafungulia walioonewa vifungo vyao, kumgawia mwenye njaa chakula na kumpokea nyumbani asiye na pa kulala. Nimelisikia somo hilo tangu nikiwa mtoto wa mafundisho ya Komunyo. Mwaka huu nilitaka kulisikia mahali ambapo vifungo vilikuwa vya chuma, na watu walivivaa shingoni. Tarehe 20 Februari nikaenda Bagamoyo.

Stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, saa nne asubuhi jua lilikuwa limeshapamba moto. Mwaka huu wa 2026 mifungo miwili imeingia ndani ya wiki moja: sisi tulipakwa majivu Jumatano ya tarehe 18, na Waislamu wakaanza Ramadhani siku hizohizo. Mama lishe wengi walikuwa hawajawasha majiko. Kijana mmoja wa mizigo alikuwa akipakia magunia kwenye Kosta, midomo imemkauka, na nilipomuuliza kama amefunga aliitikia kwa kichwa bila kusimama. Nilimtazama kwa muda mrefu. Anayebeba gunia juani hajanywa hata maji tangu alfajiri amenitangulia mbali katika jambo hili la kufunga, na sikuona haya kujifunza kwake.

Gari lilijaa kabla ya kuondoka. Nilisimama karibu na mlango, begi begani. Tulipofika Mwenge, bibi mmoja mwenye baibui, aliyekuwa ameketi kiti cha dirishani, akanyoosha mkono.

"Lete hilo begi, mwanangu, nikupakatie."

"Shikamoo, bibi. Nitaliweza, usijichoshe. Naona umefunga."

"Marahaba. Kufunga kumezuia kinywa, hakujazuia mapaja. Lete."

Nikampa. Nikamwambia kwamba nami nimefunga, tumeanza Kwaresima juzi.

"Basi Mwenyezi Mungu atutakabalie sote," akasema, akalikumbatia begi langu kama la mjukuu wake.

Tegeta akapanda dada mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Mtoto akafunguliwa kutoka kwenye kanga, akapitishwa mikono kwa mikono, akatua kwa baba mmoja mwenye ovaroli ambaye hakuuliza jina la mtoto wala la mama yake. Ndoo ikaishia katikati ya miguu ya mwanafunzi. Kila anayepanda daladala nchini kwetu analijua jambo hili, nasi tumelizoea kiasi kwamba hatulioni tena: aliyepata kiti anampunguzia mzigo aliyesimama. Hakuna tangazo lililobandikwa ukutani wala faini kwa anayekataa. Nimesikia mahubiri mengi ya Kwaresima, mengine mazuri sana, lakini maneno ya Paulo kwa Wagalatia kuhusu kuchukuliana mizigo sijayaona yakitendeka wazi hivyo mahali pengine popote.

Wiki za kuelekea Majivu huwa tunaulizana, "Wewe mwaka huu unaacha nini?" Mmoja anaacha sukari, mwingine soda, mwingine bia, vijana wanaacha simu usiku. Sidharau hata kimoja. Mwili unahitaji kukumbushwa kwamba si yeye bwana wa nyumba. Ila Kanisa halikuwahi kuutenganisha mfungo na sala wala na sadaka; vitatu hivyo vimo pamoja katika sura ya 6 ya Mathayo, ile tunayosomewa siku ya Majivu. Pesa ya soda isipofika kwa mtu mwenye shida, imebaki mfukoni mwangu, na mfungo wangu haujatoka nje ya mlango wangu. Na hata ikifika, yako mahitaji ambayo pesa peke yake haiyamalizi. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo yupo mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Kwa miezi mingi mkewe amekuwa akimgeuza, akimwogesha na kumkalisha peke yake, naye si kijana. Tumewachangia, na michango imesaidia dawa. Jumamosi kabla ya Majivu mwenyekiti wetu alisema kwamba yule mama sasa anahitaji mikono, akaomba watu wa kushika zamu. Nilikuwa nimesafiri na jambo hilo moyoni.

Boko, Bunju, kisha daraja la Mpiji, tukauacha mkoa wa Dar es Salaam na kuingia Pwani. Mapinga, Kerege, Zinga: minazi, mikorosho, nyumba mpya za watu waliokimbia kodi za mjini. Bibi alishuka kabla ya mji. Akanirudishia begi, akaniambia nimwombee, nikamwambia naye aniombee.

Kutoka stendi ya Bagamoyo nilichukua bajaji hadi Misheni. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na barabara ya miembe mikubwa bado inakwenda kutoka kwenye majengo yao hadi karibu na ufuko, ulipo msalaba wa ukumbusho wa kufika kwao. Walinunua uhuru wa watumwa, wengi wao watoto, na kuwajengea kijiji. Maisha ya kijiji kile yalikuwa ya kengele, shamba na nidhamu kali, na sioni sababu ya kuyapamba. Lakini soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu. Mtoto aliyeingia kijijini hapa kabla ya mwaka huo alikuwa ameponyoka utumwa. Nyuma kuna makaburi ya wamisionari wenyewe, na ukisoma umri wao kwenye misalaba utaona kwamba wengi walikufa vijana, wameuawa na homa.

Nilikaa chini ya mwembe nikiwawaza wapagazi. Misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora iliishia hapa, baada ya safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, walifika na pembe za ndovu mabegani. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo zaidi ya 30. Waliobeba kwa ujira walitua mzigo, wakalipwa, wakatafuta msafara wa kurudi nao. Waliobeba kwa minyororo walitua mzigo na wao wenyewe wakauzwa. Barabara ilikuwa moja, na pengine hata uzito ulikuwa mmoja.

Kisha kuna msafara wa tatu, na huo ndio ulionishika. Ulifika penye mnara wa kanisa la kale, ambao bado umesimama pale Misheni. Mpelelezi na mmisionari David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti. Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya misheni huko India, akasoma sala za maziko. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaubeba. Hakuna aliyewaamuru. Karibu na Tabora walikutana na ofisa Mwingereza, Verney Cameron, aliyewashauri wauzike hapohapo, wakakataa. Mahali ambapo wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini kwao, waliufungasha upya ufanane na mtumba wa nguo, wakaendelea. Walikuwamo Waislamu na Wakristo, na wanawake pia, akiwemo Halima aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Kwa muda wa miezi tisa walikuwa njiani na mzigo ambao haungewapa faida yoyote ya biashara.

Mapokeo ya Misheni yanasema mwili ulilazwa katika mnara huu tarehe 24 Februari 1874. Nikachukua kalamu nikahesabu. Pasaka ya 1874 ilikuwa tarehe 5 Aprili, sawasawa na Pasaka ya mwaka huu, na Majivu yake yalikuwa tarehe 18 Februari. Kalenda ya mwaka ule na ya mwaka huu ni ileile, siku kwa siku. Basi watu wale waliingia hapa siku za mwanzo za Kwaresima, na mapadre waliowapokea walikuwa katika mfungo. Mwili ukavushwa Zanzibar, ukapelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili, wiki ya pili baada ya Pasaka. Wengi wa waliobeba walilipwa ujira wao na kuambiwa waende. Siku ya maziko, kati ya wote waliosafiri na mwili kutoka Chitambo, ni Wainwright peke yake aliyekuwapo. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na nadhani linapaswa kumuuma kila Mkristo: waliobeba walisahauliwa mlangoni pa kanisa.

Saa kumi alasiri kengele ililia, tukaanza Njia ya Msalaba. Mbele yangu alikuwa mama mjamzito aliyepiga magoti kila kituo ingawa padre alikuwa ameshasema wasioweza wasimame. Tulipofika kituo cha tano, Simoni Mkirene anasaidia kubeba msalaba, nilisikiliza kwa masikio mengine. Kirene ulikuwa mji wa Afrika ya Kaskazini, katika Libya ya leo. Tunapenda kumsifu Simoni kana kwamba alijitolea, lakini Marko anaandika wazi kwamba alishurutishwa. Alikuwa anatoka shamba, anapita zake, askari wakamkamata. Warumi walikuwa na uwezo huo juu ya mtu yeyote wa nchi waliyoitawala.

Mizigo mingi tunayoiona kila siku iko hivyo. Mke wa mgonjwa wa kiharusi hakuuchagua mzigo wake. Binti wa kazi za ndani anayeamka saa kumi usiku hakuuchagua, wala kijana wa Makumbusho na magunia yake. Kuwaambia watu hao kwamba Kwaresima ni wakati wa kubeba msalaba, halafu kuwaacha hapohapo, ni ukatili. Msalaba wanao tayari. Injili inayowafaa ni ile ya mtu wa pili anayeingiza bega chini ya mti uleule. Na Marko anaongeza jambo dogo ambalo waandishi wengine wa Injili wameliacha: Simoni alikuwa baba yao Aleksanda na Rufo. Anawataja watoto kana kwamba wasomaji wake wanawafahamu kwa sura. Mimi naamini walikuwa waumini wa Kanisa lile la mwanzo, na kwamba mzigo ambao baba yao alilazimishwa kuuchukua kwa sehemu ya njia uliingia nyumbani kwake na kuibadili familia yake.

Baada ya kituo cha 14 ilifuata Misa, na msomaji, binti wa sekondari mwenye sauti ya kutulia, akasimama kusoma Isaya. Alipofika mahali pa vifungo na nira, mzee mmoja karibu nami aliinamisha kichwa. Sikujua asili yake, na haikunihusu kuuliza. Wako Bagamoyo wajukuu na vitukuu wa waliokombolewa, na wako wa waliouza. Pengine wako wanaolisikiliza somo hili pamoja kila mwaka kwenye mabenchi yaleyale. Padre alihubiri kwa kifupi. Aliuliza swali moja ambalo nimerudi nalo: kwa mfungo huu, nani atalala usingizi mzuri zaidi usiku wa leo?

Magari ya kurudi Dar yalikuwa machache kwa sababu makonda na madereva wengi walikuwa wamekwenda kufuturu. Nilisubiri stendi. Muuza kahawa aligawa tende kwa kila aliyekuwa karibu bila kutenga, nikapokea, nikashukuru, nikafungulia hapo. Kisha nikampigia simu mwenyekiti wa jumuiya yetu.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina. Uko wapi, mbona kelele?"

"Bagamoyo. Ile orodha ya zamu kwa babu, umeshaifunga?"

"Bado. Jumanne na Alhamisi hazina mtu."

"Niandike zote mbili, mpaka Pasaka."

Akakaa kimya kidogo, nikasikia akitafuta kalamu. "Mpaka Pasaka halafu?"

"Halafu tutaongea na mkewe, tusikie anavyotaka."

"Sawa. Njoo saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujaenda kazini. Vaa nguo ya kulowana. Mzee ni mzito na anaona aibu, kwa hiyo msalimie kwanza, ukae naye kidogo, ndipo umguse. Mkewe atakuonyesha jinsi ya kumgeuza bila kumuumiza bega."