Bingwa wa Mbio Nne

Kila mtu katika nchi yetu ajua mpira wa miguu, na wengi wajua mashindano ya ngumi na ya baiskeli. Lakini iko michezo mingine ambayo jua letu halituruhusu kuijua kwa miguu yetu, nayo yafaa tuijue walau kwa akili. Mmoja wa michezo hiyo ni mbio za juu ya barafu, ambazo watu huzikimbia kwa viatu vyenye kisu cha chuma chini ya wayo. Na katika mbio hizo yako mashindano ya dunia ambayo sisi twayapenda kupita mengine yote, kwa sababu hayatafuti mtu mwepesi wala hayatafuti mtu mwenye pumzi nyingi. Yamtafuta mtu mmoja aliye na vyote viwili.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Uwanja ni wa mviringo mrefu, mzunguko wake meta 400, na barafu yake ni laini kama kioo. Watu huondoka wawili wawili, mmoja katika njia ya ndani, mwenzake katika njia ya nje. Kwa kuwa njia ya ndani ni fupi, haki yataka wabadilishane kila mzunguko: wa ndani atoka nje, wa nje aingia ndani. Wakikutana mahali pa kubadilishana, yule wa ndani sherti amwachie nafasi yule atokaye nje. Walakini kushindana kwao si kwa wao wawili tu. Adui wa kweli ni saa. Mtu aweza kumwacha mwenzake nyuma sana, watu wakapiga makofi, kumbe amekuwa wa kumi na mbili.

Kila mwanamume akimbia mara nne kwa siku mbili. Siku ya kwanza meta 500 na meta 5,000. Siku ya pili meta 1,500 na meta 10,000. Wanawake nao wakimbia 500 na 3,000, kisha 1,500 na 5,000. Mbio ya mwisho ni ya watu wanane tu, wale waliofanya vizuri kabla. Fikirini sasa: meta 500 zakwisha kwa sekunde 35 au 36, kabla mtu hajamaliza kusali Salamu Maria mbili kwa utulivu. Meta 10,000 ni mizunguko 25, kama dakika 13 za kuinama, mgongo umekunjwa, mapaja yawaka moto. Mwili ufaao kwa kazi ya kwanza haufai sana kwa kazi ya mwisho. Hapo ndipo penye ugumu wote.

Na hesabu yao ni nzuri, tutaieleza polepole. Muda wa kila mbio wagawanywa ili uwe kama muda wa meta 500. Mtu akikimbia meta 500 kwa sekunde 36, apata pointi 36. Meta 5,000 ni mara kumi; akitumia dakika 6 na sekunde 20, yaani sekunde 380, apata pointi 38. Meta 1,500 ni mara tatu. Dakika 1 na sekunde 45 ni sekunde 105, basi pointi 35. Meta 10,000 ni mara ishirini. Dakika 13 na sekunde 20 ni sekunde 800, basi pointi 40. Jumla ni 149, na mwenye jumla ndogo kupita wote ndiye bingwa. Wapenda hesabu wamekwisha kuona siri yake: aliyepoteza sekunde moja tu katika mbio fupi, sherti airudishe kwa sekunde 20 katika mbio ndefu. Na mtu aweza kuwa bingwa wa dunia bila kuwa wa kwanza hata katika mbio moja.

Sisi tulipata kuyajua haya mwaka wa 2010, tulipokuwa katika mwaka wa mwisho wa seminari ndogo. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa padri mzee, Mholanzi, na siku moja aliandika pointi hizo ubaoni kwa chaki, somo likiwa limekwisha. Darasa zima lilikataa. Mmoja alisimama akasema: «Padri, bingwa gani huyo asiyeshinda?»

Padri akauliza: «Nani ni wa kwanza katika darasa hili?»

Tukamtaja.

«Je, ni wa kwanza katika Kilatini?»

«Hapana, Padri.»

«Katika hesabu?»

«Hapana.»

«Katika historia?»

Hapo tukacheka, maana katika historia mwenzetu huyo alikuwa mtu wa kuponea chupuchupu.

«Basi mbona mwamwita wa kwanza?»

Tukanyamaza. Lakini mmoja hakunyamaza. Alikuwa kijana aliyetupita sote katika hesabu, tena mbali, hata padri mwenyewe alimwita ubaoni aliposahau. Kilatini kilimshinda kabisa, na Kifaransa chake kilikuwa kama mtumbwi uliotoboka. Alisema: «Padri, kwa kipimo hicho mimi sitakuwa bingwa kamwe.» Padri alimtazama kwa muda, kisha akamjibu kwamba kwa watu wa namna yake yako mashindano mengine, ya kila umbali peke yake, na kwamba yalianzishwa mwaka wa 1996. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikumfariji. Mwisho wa mwaka alishindwa kwa jumla ya pointi, akarudi kwao. Leo ni fundi wa mitambo ya umeme, watu wamtafuta kutoka mbali, na sisi twafurahi tukimwona. Twalitaja jambo hili ili msomaji asidhani kwamba kipimo cha jumla hakiumizi mtu. Chaumiza.

Hata hivyo twazidi kukitetea, na historia yake yatusaidia. Chama cha mataifa cha mchezo huu kilianzishwa mwaka wa 1892 huko Scheveningen, Uholanzi, na mashindano rasmi ya kwanza ya dunia yalifanyika Amsterdam mwaka wa 1893. Bingwa alikuwa Mholanzi, Jaap Eden. Siku hizo sheria ilikuwa kali: bila kushinda mbio tatu kati ya nne, hapana ubingwa. Basi mwaka wa 1894 huko Stockholm watu walikimbia, wakatoka jasho katika baridi ile, wakarudi kwao bila bingwa, kwa sababu hapana aliyefikisha tatu. Eden alishinda tena mwaka wa 1895 na 1896. Kuanzia 1928 ndipo ilipoingia hesabu ya muda tuliyoieleza. Wanawake walingoja sana: mashindano yao rasmi ya kwanza yalikuwa Stockholm mwaka wa 1936, akashinda Kit Klein wa Marekani. Tena ilipita miaka sitini, hata 1996 huko Inzell, Ujerumani, ndipo wanaume na wanawake walipoanza kushindana mahali pamoja kwa siku zilezile.

Wanawake hao wametufundisha mengi juu ya hesabu ile. Gunda Niemann wa Ujerumani alikuwa bingwa mara nane, na Ireen Wüst wa Uholanzi mara saba. Lakini sisi twampenda zaidi Martina Sáblíková wa Cheki. Nchi yake haikuwa na uwanja wa namna hiyo uliofunikwa. Katika meta 500 alikuwa wa kusikitisha, akamaliza nyuma ya wengi, kila mara ameingia na deni. Kisha siku ya pili jioni, katika meta 5,000, alianza kulipa mzunguko kwa mzunguko bila haraka, kama mama alipaye deni la duka kidogo kidogo mpaka mwenye duka afute jina lake. Alikuwa bingwa mwaka wa 2009, 2010, 2015, 2016 na 2019.

Lakini habari iliyotufanya tuketi kimya darasani ilikuwa ya Sven Kramer. Tarehe 23 Februari 2010, katika michezo ya Olimpiki ya Vancouver, huyu Mholanzi alikuwa akikimbia meta 10,000, naye alikuwa mbele kabisa kwa muda. Penye kubadilishana njia, mwalimu wake, Gerard Kemkers, aliyesimama kando na kuhesabu mizunguko, alimwonyesha kwenda njia ya ndani. Kramer alikuwa ameielekea njia ya nje, iliyokuwa ya haki. Alimtii mwalimu, akaingia ndani. Akakimbia mizunguko mingine yote, akafika kwa muda mwema kupita wote, akainua mikono. Mwalimu ndiye aliyemwambia kwamba ushindi umefutwa. Nishani ya dhahabu alipewa Lee Seung-hoon wa Korea ya Kusini.

Padri wetu alisema kwamba huko kwao watu waliongea habari hii kama watu waongeavyo juu ya msiba. Wengi walitaka mwalimu yule afukuzwe. Sisi pia, vijana wa seminari tusiojua hata harufu ya barafu, tulihukumu: afukuzwe! Kramer alikasirika, na jambo hilo halikufichwa. Lakini hakumwacha. Mwezi wa Machi, wiki chache tu baadaye, yalikuja mashindano ya mbio nne huko Heerenveen, katika uwanja wa Thialf, nchi ya Friesland, nyumbani kwake, mwalimu yuleyule akisimama kando na kuhesabu mizunguko. Na mbio ya mwisho ilikuwa meta 10,000, mizunguko 25, mabadilishano yote yale. Kramer akawa bingwa wa dunia mara ya nne mfululizo. Wakafanya kazi pamoja miaka mingine, hata 2014. Jumla ya ubingwa wake katika mbio nne ni mara tisa, na hapana mwanamume mwingine aliyefika hapo.

Yuko na Johann Olav Koss wa Norwe, bingwa wa mbio nne mwaka wa 1990, 1991 na 1994, ambaye habari yake yaligusa bara letu. Kabla ya michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1994 alikwenda Eritrea, nchi iliyotoka vitani, akaona watoto wasio na kitu cha kuchezea. Katika michezo ile alishinda mbio tatu, kila moja kwa rekodi ya dunia, akatoa fedha za zawadi yake kwa msaada wa watoto waliopatwa na vita. Baadaye alianzisha shirika la Right To Play, ambalo limefanya kazi hata kwa jirani zetu wa Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania.

Sasa tuseme lililo moyoni. Mashindano haya yamepungukiwa na heshima. Olimpiki iliyapa nishani mara moja tu, mwaka wa 1924 huko Chamonix, akashinda Clas Thunberg wa Finland. Tokea yalipoanza yale ya kila umbali peke yake, vijana wengi huchagua mbio moja au mbili, wakaujenga mwili wao kwa hizo tu. Na baada ya 2020 mashindano ya mbio nne hayakuwa tena ya kila mwaka: yalifanyika 2022, kisha 2024. Twaelewa sababu. Mbio moja yaeleweka upesi, nayo haimtaki mtazamaji aketi na kalamu. Lakini sisi makatekista, ambao asubuhi twafundisha watoto, mchana twazika, jioni twapatanisha mume na mke, na usiku twaandika vitabu vya jumuiya, hatuwezi kuona kipimo hicho kikififia bila kusikitika kidogo.

Kwa hiyo mwezi wa Machi 2024 tulifurahi tuliposikia habari za Inzell. Kwa upande wa wanawake alishinda Joy Beune wa Uholanzi. Kwa upande wa wanaume alikuja Jordan Stolz, Mmarekani wa miaka 19. Huyu ni mtu wa mbio fupi, na katika mbio fupi alikwisha kuwa bingwa wa dunia mwaka uliotangulia. Alipokuwa mtoto wa miaka mitano aliitazama michezo ileile ya Vancouver katika televisheni, akaanza kujifunza juu ya bwawa lililoganda nyuma ya nyumba yao, huko Wisconsin. Hapana aliyemlazimisha kwenda Inzell. Angaliweza kukaa na mbio zake fupi na dhahabu zake. Alikwenda, akaweka akiba yake mapema katika mbio fupi, kisha jioni ya mwisho akasimama mbele ya meta 10,000, mbio isiyo yake, aone kama akiba itatosha kwa mizunguko 25. Ilitosha.