Kupunguza Uzito Bila Kujishindisha Njaa



Wapendwa waamini, juma hili naomba tutafakari jambo ambalo huenda hamkulitarajia kwa padri: sahani ya mtu anayetaka kupungua. Nimeulizwa juu yake sakristia, katika jumuiya ndogo ndogo, na hata msibani. Nami linanihusu, kwa kuwa tangu mwezi wa Januari ni mmoja wa wanaopunguza uzito.

Anayeijua kazi ya paroko huku kwetu hatashangaa uzito huo ulitoka wapi. Dominika moja huwa na Misa katika vigango viwili au vitatu, na katika kila kigango akina mama wameandaa ndizi, maharage, kuku, pengine na sato wa ziwani. Kukataa ni kumvunja moyo aliyepika. Mapadri waliotutangulia walivifikia vigango hivyo kwa miguu au kwa baiskeli. Mimi pikipiki hunishusha mlangoni. Daktari aliponipima shinikizo la damu alinishauri nipungue taratibu na nitembee kila siku. Kisha akaongeza neno moja: "Lakini Padri, usiache kula."

Neno hilo ndilo tafakari yetu ya leo, kwa maana wengi wetu tunaamini kinyume chake. Tunadhani kwamba anayekula kidogo zaidi ndiye anayepungua vizuri zaidi. Mwili haufanyi hesabu hivyo. Ukinyimwa chakula mno, huanza kubana matumizi: hupunguza joto, hupunguza nguvu, hula misuli yake wenyewe pamoja na mafuta.

Hili lilionekana wazi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwahudumia watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Vijana 36 wenye afya, waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao, walijitolea. Kwa muda wa miezi sita walipewa takriban kilokalori 1,600 kwa siku, yaani kama nusu ya walichozoea, huku wakitakiwa kutembea kilometa 35 hivi kila juma. Walipungua, ndiyo. Lakini pia walihisi baridi daima, mioyo yao ilipiga polepole, walijaa huzuni na hasira, na fikra zao zote zikageuka kuwa chakula. Wapo miongoni mwetu wanaokula chini ya kiasi hicho kwa hiari yao, na alfajiri wanakimbia mchakamchaka ufukweni.

Mmoja wao ni mama wa kwaya, aliyeniruhusu kusimulia habari zake bila kutaja jina. Katika Kwaresima iliyopita alianguka wakati wa Njia ya Msalaba. Muuguzi mmoja aliyekuwa benchi la nyuma alimpa maji yenye sukari, akapata fahamu. Mama huyu anatumia dawa za kisukari. Alikuwa amezimeza asubuhi, akakimbia, kisha akakaa na maji ya ndimu mpaka saa kumi jioni. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, "Padri, nilitaka kupungua, nikaona Kwaresima ndiyo nafasi. Nikamtolea Mungu vyote pamoja."

"Mama," nikamwambia, "Kanisa halijakuomba hicho."

Na ndivyo ilivyo. Siku za kufunga zenye kulazimu ni mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Hata siku hizo aliyefunga huruhusiwa mlo mmoja kamili na vyakula viwili vidogo. Sheria huwahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na wagonjwa hawabanwi nayo. Anayefunga hujinyima ili ampe nafasi Mungu na amgawie maskini. Anayepunguza uzito hutafuta afya. Mambo yote mawili ni mema, lakini tukiyachanganya tunaweza kuuita utakatifu kile ambacho ni kuuumiza mwili.

Huku kwetu Kagera liko jambo jingine linaloongeza ugumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani mwetu mwaka 1983. Waliokuwapo miaka ile wanakumbuka jinsi kukonda kulivyokuwa hukumu hata kabla ya vipimo. Hofu hiyo haijaisha yote. Mimi mwenyewe, nilipopungua kilo saba, niliulizwa kwa sauti ya chini huko Muleba, "Baba Paroko, unaumwa?" Kwa sababu ya minong'ono hii, baadhi ya watu wenye shinikizo la damu au kisukari hukataa kabisa kupungua, wasije wakasemwa. Wengine hupungua kwa siri. Na anayefanya kwa siri hana wa kumuuliza. Huongozwa na ushauri unaozunguka kwenye simu. Tafadhali, tuache kuisoma miili ya wenzetu kama barua iliyoandikiwa sisi.

Ushauri huo wa simu, tena, hauwajui watu. Karani wa Bukoba mjini anayekaa kitini mchana kutwa, na mkulima wa Muleba aliyepalilia migomba na kahawa tangu asubuhi, hawahitaji chakula sawa. Mkulima huyo ameshafanya mazoezi kabla mwenzake hajafunga kamba za viatu. Kumwambia aache mlo wa mchana ni kumwonea.

Basi tule nini? Sahani yetu ya asili inatosha kutupa mwanzo mzuri. Gramu 100 za ndizi zilizochemshwa zina kilokalori kama 120 lakini protini kidogo sana. Kwa hiyo ndizi zipungue kiasi, maharage, dagaa au samaki wabaki, na mboga za majani ziongezeke. Cha kupunguza kwanza ni vile visivyoshibisha: kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kilokalori kama 120, sawa na ndizi zile, na chupa ya soda ya mililita 350 inakaribia 150. Rubisi nayo ihesabiwe. Kahawa ya kutafuna si mlo. Anayepunguza takriban kilokalori 500 kwa siku atapungua karibu nusu kilo kwa juma. Ni mwendo wa polepole, lakini unadumu. Wataalamu wengi hawashauri mwanamke ashuke chini ya kilokalori 1,200 kwa siku, wala mwanamume chini ya 1,500, bila uangalizi wa mganga; na anayefanya kazi nzito ahitaji zaidi ya hapo. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kubadili milo yake. Kizunguzungu, kutetemeka na jasho la ghafla si ishara za ushindi.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya amelala jangwani chini ya mti, amechoka kiasi cha kuomba kufa. Malaika hamkaripii wala hamhubirii. Anamletea mkate na maji, mara mbili, kwa kuwa mwendo uliobaki ni mrefu. Ndipo Eliya anapata nguvu za kuufikia mlima wa Mungu.

Mama yule wa kwaya sasa hula uji na maharage kidogo kabla ya kutoka, naye hatembei tena peke yake. Akina mama wanne wa jumuiya yake wanafuatana naye jioni. Anapungua polepole, na sauti yake imerudi kwenye kwaya. Wapendwa, juma hili kila mmoja amtazame jirani anayejishindisha njaa kwa siri, amkaribishe mezani bila kumuuliza maswali mengi.

Mungu awabariki nyote.