Biashara ya Simu na Ufungaji wa Bidhaa Nyumbani

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo limekwisha kuingia katika nyumba zetu nyingi, nalo ni kuuza vitu kwa njia ya simu na intaneti. Zamani muuzaji na mnunuzi walikuwa wakionana uso kwa uso. Mnunuzi akinusa, akionja, akiteta bei, na akiridhika huchukua chake akaenda zake. Leo binti aliye Tanga huweka picha ya bizari yake katika simu, na mama aliye Mwanza akaipenda na kutuma fedha kabla hajaona hata punje moja. Kitakachomfikia ni furushi tu. Furushi hilo ndilo duka, ndilo mizani, na ndilo uso wa muuzaji. Basi ni ajabu kuwaona vijana wetu wakishughulika siku tatu kutafuta picha nzuri, na kufunga kwenyewe wakakumaliza kwa dakika mbili, kwa mfuko wowote uliookotwa jikoni.

Sisi kazi yetu ni kusomesha watoto Qurani, wala hatujapata kuwa na duka. Lakini jambo hili limetufika nyumbani kwa sababu ya dada yetu. Alifiwa na mumewe akaachiwa watoto 4, na mjane, kama wasomaji wajuavyo, hukaa eda miezi 4 na siku 10, akilazimika kukaa nyumbani kwake na kujiepusha na mapambo na manukato. Na watoto hawangoji eda iishe ndipo wale. Mwanawe mkubwa akamfungulia ukurasa katika Instagram na kundi la WhatsApp, naye akawa auza bizari ya pilau, iliki, mdalasini, tangawizi ya unga na mafuta ya nazi. Vitu hivi kwetu Tanga havitoki mbali: iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu hushuka kutoka milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa Amani na Muheza; nazi hutoka Pangani; na tangawizi hutoka Same. Wateja wengine walimtaka na udi, akawakatalia mpaka eda yake ilipokwisha, kwa kuchelea harufu isimgande mikononi. Faida ya udi ilikuwa kubwa kuliko ya bizari, naye aliijua.

Kazi ya kutayarisha huanza kabla ya mfuko na kabla ya gundi. Bizari iliyofungwa na unyevu huganda mabonge, kisha huota ukungu, na ukungu si jambo la kupangusa tu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu, na sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Karanga nazo huingiwa nayo, na viungo vilivyokaushwa vibaya pia. Hapa pwani hewa ni nzito, hasa wakati wa masika, na kiungo kilichokauka asubuhi huweza kunywa maji ya hewa kabla ya magharibi. Kwa hivyo dada yetu hukausha juu ya jamvi safi lililoinuliwa kutoka chini, huanua mapema kabla ya umande, na siku ya mvua hafungi kitu kabisa. Tena hasagi bizari ya mwezi mzima. Kiungo kizima hutunza harufu yake muda mrefu, na kikishasagwa harufu huanza kukimbia. Basi husaga cha wiki moja tu. Na kitokapo mashineni huwa na moto. Ukikifunga papo hapo, jasho lake hubaki ndani ya mfuko. Yeye hukitandaza sinia pana mpaka kipoe kabisa, ndipo akipime.

Sasa tuje katika kupima, maana hapa ndipo palipotokea shida. Wote twajua kwamba Sura ya 83 imeitwa kwa jina la hao wapunjao vipimo. Dada yetu ni katika watu wanaoiogopa sura hiyo, wala hatusemi haya kwa kuwa ni ndugu. Siku moja, mama mmoja wa Dodoma aliyenunua mafuta ya nazi aliandika mbele ya kundi zima ya kwamba ameyamimina chupa aliyoletewa, akayapima, akakuta gramu 460, na hali karatasi ya chupa yasema nusu kilo. Akaongeza neno zito juu ya wauzaji wanaojionyesha watu wa dini. Katika kundi lile ndimo walimokuwamo wateja wake takriban wote. Ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani, msimu anaoutegemea kwa sare za watoto na madaftari yao. Alikuja kwetu na simu mkononi, akasema: “Kaka, mimi niwalishe mayatima mali ya kupunja?” Mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

Tukaitwaa mizani, na kwanza tukaijaribu yenyewe. Njia ya kujaribu ni nyepesi na kila nyumba yaiweza: weka chombo kitupu, rudisha hesabu kwenye sufuri, kisha tia maji safi nusu lita, mizani ikiwa sawa itasoma gramu 500, au karibu yake sana. Yetu ilikuwa sawa. Ndipo tukatia mafuta ya nazi nusu lita ile ile, mizani ikasoma 460. Mafuta ni mepesi kuliko maji, nayo ndiyo sababu huelea. Dada yetu alikuwa akijaza chupa ya nusu lita mpaka kwenye alama yake bila ya kupunguza hata tone, kisha akaandika nusu kilo, kama watu wengi wasemavyo sokoni bila ya kufikiri. Mama wa Dodoma alikuwa na haki. Hakupunjwa kwa makusudi, lakini alichoandikiwa sicho alichopata.

Mwanawe alitaka ajibu kwa maneno makali. Dada yetu akakataa, akaandika katika kundi lile lile jinsi ilivyokuwa, na kwamba kila aliyenunua chupa ataongezewa gramu 40 au atarudishiwa fedha zake kwa kadiri hiyo. Tukafungua daftari tukawakuta wanunuzi 31. Gramu 40 mara 31 ni gramu 1,240, mafuta ambayo hayakufika hata lita moja na nusu. Kumi na wawili walidai, waliobaki wakasamehe. Tangu siku hiyo chupa zaandikwa mililita 500, na bizari yaandikwa gramu, nazo ni gramu za bizari peke yake bila ya mfuko. Na lau si daftari lile, lenye tarehe, jina, mji na kitu kilichonunuliwa, wala tusingalijua nani wa kurudishiwa. Kijana akuambiaye kwamba simu yake yakumbuka yote, mwulize simu ikitumbukia majini itakuwaje.

Mafuta yana vituko vyake vingine. Furushi moja la Singida lilifika limelowa: kizibo kililegea njiani, mafuta yakaingia katika bizari, na yakachafua mizigo ya abiria wengine ndani ya basi. Hasara ya nani? Katika madhehebu yetu ya Shafii, bidhaa kabla haijapokewa na mnunuzi, au na wakili wake, imo katika dhamana ya muuzaji. Dada yetu akatuma nyingine. Dawa aliyoigundua ni hii. Chupa haijazwi pomoni, bali huachwa nafasi kidogo juu, kwa kuwa mafuta yakipata joto hutanuka. Chini ya kizibo hutiwa kifuniko cha pili. Kisha chupa hulazwa kwa ubavu usiku kucha juu ya karatasi nyeupe, na asubuhi karatasi ikiwa na hata doa moja, chupa hiyo haisafiri. Inayosafiri hufungwa katika mfuko wake peke yake, mbali na vitu vikavu.

Na aliyeko Mbeya au Arusha akiletewa mafuta ya nazi katika Juni na Julai, atayakuta yameganda meupe kama samli, naye atadhani ametiliwa mafuta ya mnyama. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Tanga hatuoni hayo illa mara chache. Basi ndani ya kila furushi la nyanda za juu hutiwa kijikaratasi cha kueleza hivyo, na kwamba chupa ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu yatarudi kama yalivyokuwa.

Ilipofika katikati ya Ramadhani, kijana mmoja mwenye ghala mjini alimjia akamwambia: “Mama, niachie mimi mzigo wako wote. Nitapima, nitafunga, nitasafirisha. Wewe kazi yako iwe kujibu simu tu.” Malipo ni kwa kila furushi. Dada yetu alikuwa amechoka, akatutaka shauri. Tulikwenda kuliona ghala. Lilikuwa safi, hatuna la kulisema vibaya, lakini rafu ya vyakula imeelekeana na rafu ya sabuni za kufulia, na bizari hunywa harufu ya jirani yake upesi. Kisha tukapiga hesabu. Siku za kawaida dada yetu hupeleka mafurushi 12. Bizari ikiwa imekwisha kupimwa na kutiwa mifukoni tangu mwanzo wa wiki, furushi moja huchukua dakika 7. Kumi na mawili ni dakika 84, nazo zaingia baina ya alasiri na magharibi na kubakia. Katika Ramadhani huwa 40, yaani saa 4 na dakika 40, na hayo mtu mmoja aliyefunga hayawezi. Shauri letu lilikuwa awachukue mabinti wawili wa jirani kwa ujira wa kila siku, na ndivyo alivyofanya. Hatusemi kwamba mwenye ghala ni mtu wa kuepukwa. Apelekaye mafurushi 100 kwa siku atamhitaji, na waandikiane. Lakini mwenye machache akimpa mtu mwingine mizani yake, lawama ya gramu zilizopungua itamrudia yeye ambaye jina lake limo katika karatasi.

Juu ya makasha, au maboksi kama wasemavyo vijana, yapo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni ukubwa. Wachukuzi wa ndege wengi hawatazami uzito tu. Hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakavizidisha, kisha wakagawa kwa 5,000, na kinachozidi baina ya hesabu hiyo na uzito ndicho kitozwacho. Kasha la 40 kwa 30 kwa 30 huhesabiwa kilo 7.2, hata likiwa na kilo 2 tu za bizari. Kilo 2 hizo zikiingia katika kasha la 25 kwa 20 kwa 15, hesabu yake ni kilo 1.5, na mtu atatozwa kilo zake 2. Dada yetu ana jamaa Muscat wanaoagiza iliki, na tofauti hiyo huwa ni faida yote. La pili ni nguvu. Mifereji iliyo ndani ya karatasi ya kasha isimame wima, ndipo kasha libebe jingine juu yake. Na lililokwisha kulowa halirudi nguvu hata likikauka. Likishafungwa, liangushwe mara moja kutoka kimo cha kiuno. Afadhali livunjike barazani kuliko stendi.

Kujaza nafasi zilizobaki hutumika karatasi zilizokunjwakunjwa, nasi tulimkuta mwanawe akitumia magazeti na kurasa za juzuu zilizochakaa. Tulizitoa moja moja. Kurasa zenye aya za Qurani au jina la Mwenyezi Mungu hazifungiwi bizari, na mwenye kupokea huko hatajua, atazitupa jaani. Na gazeti lolote lisigusane na chakula, kwa ajili ya wino wake. Mifuko ya plastiki ya kubebea nayo ilikatazwa Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, basi mtu asiifanye kuwa vifungashio; anunue vifungashio vya chakula vyenye alama ya viwango.

Karatasi ya juu iandikwe jina la kitu, vilivyomo, kipimo, siku ya kufungwa, mwisho wa matumizi, na mahali kilipotoka, kwa wino usiofutika kwa jasho la mkono. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, na mwenye biashara ndogo huanzia SIDO. Dada yetu barua ya utambulisho ya SIDO amekwisha kuipata, sampuli za bizari zimepelekwa, na sasa angoja majibu.