MBOGA PENYE BARAFU

Ndugu msomaji, twende pamoja Kitulo. Toka Mbeya mjini, pita Uyole, shika barabara ya Tukuyu. Ukifika Isyonje, pinda kushoto, upande mlima. Ukitokea Iringa, utaingilia Chimala. Hapo barabara ya Matamba ina kona nyingi, hata watu wameiita "Hamsini na Saba".

Uwanda wa Kitulo uko juu sana, karibu meta 2,600 kutoka usawa wa bahari. Upande wa Makete ulikuwa katika Mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 umo katika Mkoa wa Njombe. Wenyeji huuita uwanda huu Bustani ya Mungu, kwa sababu ya maua yanayochanua wakati wa mvua.

Lakini njoo mwezi wa Juni au Julai. Asubuhi utaona nyasi nyeupe. Hiyo ni jalidi, yaani unyevu ulioganda kuwa barafu. Maji yaliyomo ndani ya majani nayo huganda. Jua likitoka, majani hunyauka na kuwa meusi, kama yameunguzwa na moto. Usiku mmoja unaweza kumaliza shamba la viazi, nyanya au maharage.

Je, wako watu wanaolima penye baridi kuliko hapa? Wapo. Kusini kabisa mwa dunia kuna bara la Antaktika, lililofunikwa na barafu. Wajerumani wana kituo cha utafiti huko, kiitwacho Neumayer III. Mwaka 2018 walilima mboga ndani ya chumba kilichofungwa. Hawakutumia udongo. Mizizi ilinyunyiziwa maji yenye chakula cha mimea. Taa za umeme zilifanya kazi ya jua. Eneo lilikuwa meta za mraba 12.5 tu. Walivuna kilo 268, zikiwemo kilo 50 za nyanya.

Sisi hatuhitaji taa hizo. Jua tunalo. Adui yetu ni usiku usio na mawingu wala upepo. Usiku huo joto la ardhi hupotea angani. Mawingu ni kama blanketi. Yasipokuwapo, tuzifunike mboga wenyewe. Fanya hivi:

1. Usipande mboga bondeni miezi ya baridi. Hewa baridi ni nzito. Huteremka na kutuama kama maji. Panda kwenye mteremko.

2. Mwagilia mchana. Udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko udongo mkavu.

3. Jenga kichanja kifupi juu ya kitalu. Kifunike kwa nyasi kabla jua halijazama. Kifunue asubuhi.

4. Kikundi chenu kikiweza, jengeni banda la nailoni. Lifungueni mchana hewa ipite. Lifungeni mapema jioni. Baridi ikizidi, funikeni miche kwa nyasi humo ndani pia.

Ndugu msomaji, mtoto huhitaji mboga mwezi wa Julai kama anavyozihitaji mwezi wa Machi. Usingoje jalidi ianguke. Kata nyasi na miti ya kichanja mapema.