Yai Lenye Mwiba

Jumanne, 4 Machi 2025

Leo slaidi moja imenishika asubuhi nzima. Kinyama cha kibofu cha mkojo, mkulima wa mpunga, miaka 52. Saratani ya seli bapa, wala haina ubishi. Lakini pembeni yake, ndani ya kovu, nimeyakuta mayai ya kichocho yaliyogeuka chokaa, na moja bado lina mwiba wake nchani. Nimeliangalia muda mrefu. Limekaa humo pengine tangu akiwa mtoto.

Kijana wake alinisubiri mlangoni. “Shikamoo, dokta. Baba hajawahi kuvuta sigara hata siku moja.” Nikamuuliza kama mzee aliwahi kukojoa damu utotoni. “Alituambia wavulana wote kijijini walikojoa damu. Waliona ndiyo kubalehe.”

Alhamisi, 6 Machi

Sijalala vizuri. Mnyoo wenyewe wa kichocho Theodor Bilharz aliuona Cairo mwaka 1851, na tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la Lyon limeuweka miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Kinachoumiza zaidi ni mayai. Yakikwama kwenye ukuta wa kibofu, kinga ya mwili huyazingira na kuyapiga bila kuchoka. Nyama inavimba, inachubuka, seli zinagawanyika kuziba jeraha, jeraha linafunguka tena. Miaka ishirini, thelathini. Katika kugawanyika huko makosa ya vinasaba hujilimbikiza.

Misri kichocho kilipopungua, aina hii ya saratani nayo ilipungua. Basi inazuilika!

Jumatano, 12 Machi

Shuleni, kupima mkojo. Tunaukusanya kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndio muda mayai hutoka kwa wingi. Mtoto mmoja wa darasa la tatu amenipa kikopo huku kakificha chini ya sweta. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nimemwambia, “Usione haya, mwanangu, umefanya vizuri kuuleta.” Akasimama kwenye kipimio cha urefu ili tujue kiasi cha dawa, akameza prazikwanteli yake.

Nikatoka nje. Ng'ambo ya uzio, kina mama na wazee walikuwa majarubani wanapandikiza mpunga, maji yamefika magotini. Dawa yao haikuwemo kwenye maboksi yetu. Mwongozo wa WHO wa 2022 unataka kila mtu wa kuanzia miaka miwili apewe, mtu mzima naye, palipo na maambukizi mengi. Kesho naandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya, nikiombee dawa kijiji kizima.