Kibali cha saa 24: kutoka Bariadi hadi lango la Ndabaka

Atokaye Bariadi kwenda Serengeti hushika barabara ya lami iendayo Lamadi, mwendo wa takriban kilomita 70. Njia hupita Dutwa na vijiji vya Wasukuma, kati ya mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe yanayochungwa na watoto wenye fimbo. Lamadi, katika wilaya ya Busega, imekaa kando ya Ziwa Viktoria. Kilomita chache kaskazini mwake, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, lipo lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hata hivyo, tulipohesabu familia za msikiti wetu zilizowahi kuingia humo, hazikutosha kujaza safu moja ya swala.

Kamati ilipoamua kuwapeleka watoto wa madrasa, jambo lililotushughulisha zaidi lilikuwa kibali. Kibali cha kuingia Serengeti ni cha saa 24. Aingiaye asubuhi ya Jumamosi, muda wake hukoma asubuhi ya Jumapili, na akitaka kurudi hulipa upya. Katika kikao cha wazazi mama mmoja aliuliza: "Ustadhi, sisi ni majirani wa hifadhi. Kwa nini wasituuzie karatasi moja ya mwaka mzima, tukaingia kila tupatapo nafasi?"

Swali ni la haki, na jawabu lake laweza kupatikana kwa wale ambao biashara yao ni kuuza karatasi za namna hiyo. Marekani na Ulaya zipo bustani kubwa za burudani, zenye mabembea, vigari vya relini na maonyesho ya kila aina. Nyingi huuza tiketi ya mwaka mzima, lakini si zote zimwuziazo kila anayetaka. Disneyland ya California ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, na siku hiyo ya kwanza walifurika watu wapatao 28,000, wakiwamo wengi wenye tiketi bandia. Chakula kiliisha na foleni zikashindikana. Miaka mingi baadaye, Januari 2021, bustani hiyo ikiwa imefungwa kwa sababu ya Korona, wenyewe waliufuta mpango wao wa tiketi za mwaka. Mwezi Agosti walileta mpango mpya, ambao mwenye tiketi hulazimika kuweka nafasi ya siku anayotaka kuja.

Sababu zao ni za hesabu. Kwanza, eneo halikui kwa kuwa tiketi zimeongezeka. Pili, wenye tiketi za mwaka hawaji kwa zamu. Wengi hukaa karibu, nao huchagua siku zilezile za mapumziko. Tatu, aliyelipa mara moja huja mara nyingi bila kununua sana, ilhali mgeni wa mbali hulala hotelini, hula na kununua zawadi. Nne, na kwetu hii ndiyo nzito kuliko zote, kila tiketi iliyouzwa ni ahadi. Auzaye ahadi nyingi kuliko nafasi alizo nazo amewadhulumu wote, hata wale waliotangulia kulipa.

Serengeti si bustani ya mabembea. Ilianzishwa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 14,763, na nyumbu wake ni zaidi ya milioni moja. Mtu aweza kudhani kwamba pana nafasi ya kila mgeni. Lakini wageni hawatawanyiki sawasawa. Wengi hutaka kusimama penye vivuko vya Mto Mara, majira yaleyale, saa ileile. Mwaka 2025 zilisambaa video za watalii walioshuka magarini na kuwazibia nyumbu njia ya mtoni. Huko Bwindi, Uganda, kundi moja la sokwe wakubwa hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja tu. Nasi Waislamu tunaufahamu utaratibu wa namna hii: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi hupangiwa nafasi za Hija kwa kipimo cha mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja, kwa kuwa Mina na Arafa zina mipaka.

Basi kuweka ukomo si uovu. Lakini ipo tofauti ambayo msomaji wa Simiyu hana budi kuiona. Kule California, jirani ndiye anayejaza bustani, na ukomo huwekwa ili mgeni wa mbali naye apate nafasi. Kwetu mgeni wa mbali yumo ndani tayari, na jirani ndiye asiyefika. Raia hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno kuliko dola za mgeni, lakini gari, mafuta na chakula humlemea mkulima wa pamba. Huyo huyo ndiye ambaye tembo wakitoka porini huingia shambani mwake. Ukomo wa haki hauishii katika kuuliza ni wangapi wameingia. Huuliza pia ni nani hajawahi kuingia.

Kwa hiyo hatukudai karatasi ya mwaka. Tunachowaomba wenye mamlaka ni kuzitengea familia za vijiji vya mpakani siku maalumu na usafiri wa pamoja, nje ya majira ya msongamano. Kwa upande wetu, tumefungua daftari la akiba: kila Ijumaa familia huweka ilicho nacho, na zamu hupangwa kwa kuanza na wasiowahi kufika. Mwezi Juni hutufaa sana, kwani ndipo shule hufungwa, na ndipo nyumbu hupita ukanda wa magharibi kuelekea Mto Grumeti, upande huu wetu. Saa 24 zinatosha kwa mtoto kuwaona. Inayobaki ni kazi yetu watu wazima, kuhakikisha kwamba zamu yake inafika.